Toyota Wish yangu imetulia: gereji, shokapu na mati za kuzuia kelele

Wadau, kuna watu waliniuliza ile Wish ya 2005 nimeifanyia nini mpaka mama watoto anaongea na wa siti za nyuma kabisa bila kupaza sauti, basi ngoja niandike hapa mara moja maana nimechoka kurudia.

Hii gari ni ya familia, saba ndani, safari zetu kubwa ni Dar kwenda Moro na wakati mwingine Tanga. Mwanzoni ukipita zile rasta za kabla ya matuta unasikia kama meno yanataka kudondoka, na ukishapita Chalinze ukikanyaga 100 redio yenyewe huisikii. Wote kijiweni wakaniambia kitu kimoja, funga mati, funga mati, yaani zile karatasi za raba nyeusi zenye foili ya silva juu. Nikapeleka gereji moja ya Ilala, jina siweki, nikijua nimekuja kufunga mati. Fundi akazunguka nayo kidogo mtaani, akarudi, akaniambia, "Bosi, hii gari haijakosa mati, imekufa bushi, zile raba za kwenye vyuma vya miguuni. Nikikufungia mati leo kesho utarudi kunigombeza."

Hapo ndo nikamkubali, maana hela ya mati ilikuwa tayari mkononi mwangu na angeweza kuila tu.

Akaanza na upepo. Tairi zilikuwa na psi 40 kasoro kidogo, si mnajua vijana wa sheli wanavyojaza kama wanajazia Fuso, wakati stika iko pale pale kwenye mlango wa dereva, kwa tairi zangu za 195/65 R15 inakuwa kwenye 32 hivi. Hiyo ni bure kabisa na mtikisiko ulipungua siku hiyo hiyo. Halafu akanionyesha namba nne ubavuni mwa tairi, mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka, zangu za nyuma ziliishia na 14! Raba imeshakuwa ngumu kama soli ya kiatu cha mgambo, hiyo ndo ilikuwa ile mvumo wa nyuma ambayo mimi nilidhani ni bearingi. Kwa hiyo tairi mpya nne, shokapu za mbele za kampuni ya KYB (moja ilikuwa inavuja oili imelowa mpaka chini), bushi za kontrolo amu (mkono unaoshika tairi la mbele), stabilaiza linki (vyuma vidogo vya kuzuia gari lisilale kwenye kona) na mauntini za shokapu, yaani raba zinazokaa juu yake. Juu ya hapo alaimenti, kunyoosha matairi. Mauntini watu wengi wanaruka wanarudishia za zamani ili waokoe hela, sasa shokapu mpya juu ya raba iliyokufa unategemea nini jamani.

Baada ya hapo ndo tukaja kwenye mati, na kiukweli sikuhitaji gari zima. Tulinyanyua kapeti la buti, chini yake ni bati tupu, na siti za nyuma za Wish ziko karibu kabisa na matairi, kelele yote inaingilia hapo. Fundi akagonga bati kwa kidole likalia *taang*, akasafisha na spiriti, akabandika mati, akakandamiza na rola mpaka foili ikashika vizuri, akagonga tena: *dup*. Juu yake akaweka povu, yaani sponji, kwa sababu mati kazi yake ni kuzuia bati lisitetemeke, sauti ya hewani haiizuii sana. Milango minne nayo ikapata, na hapo simamia mwenyewe, vile vitundu vya chini vya kutolea maji visizibwe maana mlango utaoza kwa kutu.

Angalizo: ulizia mati za butyl, ambayo ni aina ya raba. Kuna zile za lami, bei chee, ni kama za kuzibia paa, shemeji yangu alifungiwa hizo sehemu nyingine na kwa jua la Dar zikaanza kunuka na kuteleza ndani ya mlango.

Malalamiko yangu kwa hawa mafundi? Wapo. Waliniambia nusu siku ikaisha siku nzima, na klipu mbili za paneli ya mlango wa nyuma walizivunja kimya kimya mpaka nilipouliza, japo walibadilisha bila kununa. Hata sehemu ya kukaa hakuna, labda ukae kwa mama ntilie wa jirani (maharage yake si mchezo).

Kelele ya upepo kwenye vioo vya pembeni bado ipo ukivuka 100, hiyo ni raba za milango zimechoka, nazisubiri. Vitu vya chini vyote (shokapu, bushi, linki na mauntini) ukitoa tairi havikufika nusu ya hela ya mati na povu, ila ukiniuliza nini kimebadilisha gari, ni hivyo vya chini na tairi. Mwenye hela ya kuungaunga aishie hapo, mati afunge za buti tu.