Syncthing na picha za simu: programu inayokuuliza nani mwenye kauli ya mwisho

Watu wengi wakilalamika kwamba simu na kompyuta zao haziendi sawa kwenye picha, ukichunguza utakuta tatizo haliko kwenye kebo wala kwenye intaneti. Hakuna aliyeamua kifaa kipi kina kauli ya mwisho. Ukifuta picha kwenye simu, ifutike na kwenye kompyuta? Ukiipunguza kingo kwenye kompyuta, simu nayo ipokee hayo mabadiliko? Huduma nyingi zimeshakujibia maswali haya kabla hujayauliza, na majibu unayajua siku unayoitafuta picha usiione. Syncthing, programu ya kusawazisha faili kati ya vifaa vyako, yaani kuzifanya zilingane kila upande, naipenda kwa sababu inakuuliza kwanza.

Mimi ndiye mtunza picha wa familia yetu. Anayetaka picha ya marehemu babu, au ya mtoto alipoanza kusimama, ananipigia mimi. Simu zote za nyumbani, yangu, ya mume wangu na za watoto, zinaleta picha zake kwenye kompyuta moja. Kebo naijua, kujitumia picha kwa WhatsApp nakujua, na huduma moja ya mawinguni nimeitumia mpaka nikaiacha. Ninachoandika hapa ni cha mtu anayekaa na jambo hili kila wiki.

Syncthing ni programu huria, ya bure, iliyoanzishwa na Jakob Borg, na ilitoka hadharani mwaka 2013. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Haina akaunti ya kufungua, na hakuna kampuni inayokutunzia picha kwenye seva zake. Picha zinatoka kwenye simu yako kwenda kwenye kompyuta yako, zikiwa zimesimbwa njia nzima. Vifaa vikiwa kwenye Wi-Fi moja vinaonana vyenyewe. Vikiwa mbali na vikishindwa kufikiana moja kwa moja, data hupitia seva za kupokezana, lakini mwenye seva haoni kilichomo.

Kuiunganisha kunahitaji utulivu kidogo. Ukishaifungua kwenye kompyuta, inajionyesha ndani ya kivinjari, kwenye anwani 127.0.0.1:8384. Kila kifaa kina kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu, makundi manane yenye herufi saba saba. Hakuna haja ya kukiandika kwa mkono, kwani simu inasoma msimbo wa QR ulio kwenye kioo cha kompyuta. Hapo ndipo wengi hukwama: wanaongeza kompyuta kwenye simu, kisha wanasubiri. Pande zote mbili lazima zikubaliane. Kompyuta itatoa taarifa juu ya ukurasa kwamba kuna kifaa kinaomba kuunganishwa, nawe ukubali, kisha itatoa nyingine kwamba kifaa hicho kinataka kukushirikisha folda, nayo uikubali. Usipoitazama kompyuta, simu itasubiri hadi kesho.

Sasa tuje kwenye kiini. Kila folda ina aina yake, na za kuzijua hapa ni tatu: ya kutuma na kupokea, ya kutuma tu, na ya kupokea tu. Programu ikiachwa ilivyo, inaweka kutuma na kupokea pande zote, na kwa picha za simu sishauri kabisa ubaki hapo. Folda ya kamera kwenye simu, ile iliyo ndani ya DCIM, naiweka ya kutuma tu. Folda inayopokea kwenye kompyuta naiweka ya kupokea tu. Mtoto akichezea kompyuta na kufuta picha kumi, simu haiguswi. Kwenye ukurasa wa kompyuta folda inaonyesha kwamba ina mabadiliko yaliyofanywa kwenye kompyuta yenyewe, na kinatokea kitufe chekundu cha kuyatengua. Ukikibonyeza, zile kumi zinashuka tena kutoka kwenye simu. Kitufe hicho kiheshimu, maana picha ulizoziongeza mwenyewe kwenye folda ile kitazifuta.

Lakini kupokea tu hakuilindi kompyuta dhidi ya simu. Ukifuta kwenye simu, kompyuta nayo inafuta, kwa sababu umeshasema simu ndiyo yenye kauli. Wanaosafisha simu iliyojaa huku wakiamini kompyuta imeshahifadhi kila kitu ndio wanaoumia. Dawa iko mbili, na mimi natumia zote. Ya kwanza, kwenye mipangilio ya folda upande wa kompyuta, washa utunzaji wa matoleo ya faili. Kuna namna ya pipa la taka, ambayo kila kinachofutwa au kubadilishwa kutoka upande wa pili huhamishiwa kwenye folda iliyofichwa iitwayo .stversions, na unachagua kikae huko siku ngapi. Ya pili, usiifanye folda inayosawazishwa kuwa maktaba yako. Ifanye sebule ya kupokelea wageni. Kila mwezi nakili picha kutoka humo kwenda kwenye folda nyingine isiyoguswa na Syncthing, uipangie mwaka na mwezi, ndipo ufute kwenye simu bila hofu.

Nisisitize: kusawazisha si kutunza nakala ya akiba. Watengenezaji wenyewe wanalisema hilo. Folda ya mwaka na mwezi ndiyo ninayoinakili kwenye diski ya nje.

Kuna jambo dogo la Android ambalo limenipa kazi ya kulielewa, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu ukilijua utaacha kuhangaika na hesabu zisizolingana. Kuanzia Android 11, ukifuta picha kupitia programu ya picha inayotumia pipa la mfumo, picha haiondoki papo hapo. Inabaki kwenye folda ile ile ikiwa imebadilishwa jina: mbele linaongezwa neno .trashed, kistari, namba ndefu ya muda wa kuisha, kisha jina la zamani. Nukta ya mwanzo inaificha machoni pako, ila Syncthing inaiona kama faili nyingine yoyote. Hivyo picha iliyofutwa kwenye simu inaonekana kutoweka kwenye kompyuta, na papo hapo inakuja faili mpya ya ajabu yenye ukubwa ule ule. Mtu akiiona anadhani programu imeharibika.

Suluhisho ni faili ya maandishi iitwayo .stignore, ambamo unaandika vitu vya kupuuzwa. Huhitaji kuitafuta kwenye folda, kwani sehemu yake iko kwenye mipangilio ya folda. Kwenye simu naandika mistari mitatu: .trashed-* na .pending-* na .thumbnails. Wa kwanza ni kwa zilizofutwa, wa pili ni kwa picha ambazo kamera haijamaliza kuziandika, na wa tatu ni kwa vijipicha vidogo ambavyo simu hujitengenezea kwa matumizi yake. Faili hii haisambazwi kwenye vifaa vingine, kwa hiyo andika kwenye kila simu. Tangu nimeiweka, idadi ya faili kwenye simu na kwenye kompyuta inalingana.

Kwa video ndefu ndipo programu hii inaniacha hoi. Faili hukatwa vipande, vya KiB 128 kwa faili ndogo hadi MiB 16 kwa kubwa sana, na kila kipande hupimwa kwa SHA-256, hesabu inayokipa alama yake, kuhakikisha kimefika kilivyotoka. Niliizima Wi-Fi makusudi katikati ya video ya binti yangu akijifunza baiskeli, nikaiwasha baadaye. Kwenye kompyuta kulikuwa na faili ya muda yenye jina linaloanza na .syncthing, na asilimia zikaendelea pale zilipoishia. Kwa kebo isingekuwa hivyo. Simu ya Android ikichomekwa kwenye kompyuta haijitokezi kama flashi. Inazungumza kwa itifaki ya MTP, nzito kwenye folda yenye maelfu ya picha, na ikikatika unabaki kubahatisha ipi imefika na ipi haijafika.

Tarehe nazo zinabaki salama. Syncthing inaisafirisha faili kama ilivyo, pamoja na muda wake wa kubadilishwa mara ya mwisho, na taarifa za ndani ya picha hazijaguswa. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kuvuliwa taarifa hizo, ndiyo maana picha ya zamani ikija kwa njia hiyo inajipanga na za leo.

Upande wa simu ndio wenye mambo. Programu rasmi ya Android imesitishwa. Mwishoni mwa 2024 msimamizi wake aliacha kuitoa, akitaja ugumu wa kuichapisha Google Play. Wanaoitumia leo wako kwenye Syncthing-Fork, tawi linaloendelezwa na watu wengine, na linapatikana F-Droid, duka la programu huria za Android. Naitumia na inafanya kazi yake vizuri, lakini mtu ajue kwamba msingi wa kompyuta na programu ya simu viko mikononi mwa watu tofauti. Simu nyingi pia huziua programu zinazokaa nyuma ili kuokoa chaji. Nenda kwenye mipangilio ya betri, uitoe Syncthing kwenye vizuizi. Asilimia kubwa ya wanaonipigia kwamba imegoma, hapo ndipo tunapomalizia. Kisha ndani ya programu yenyewe weka masharti ya kufanya kazi: kwenye Wi-Fi tu, na ukipenda, simu ikiwa kwenye chaji tu. Bando lako litakushukuru.

Mwenye iPhone nitamwambia wazi kwamba hii haimfai sana. Hakuna programu rasmi ya Syncthing kwa iOS. Zipo za watu wengine kama Möbius Sync, lakini iOS hairuhusu programu kukaa nyuma ikifanya kazi muda wote, kwa hiyo lazima uwe unaifungua mwenyewe. Dada yangu anayo iPhone na kwake tumebaki na kebo. Kabla ya kuchomeka nilimtazamia mambo mawili. Kwanza, kama amewasha picha za iCloud pamoja na chaguo la kuboresha hifadhi ya simu, picha halisi nyingi zinaweza kuwa mawinguni na simuni kuna toleo dogo tu. Kebo haiwezi kuleta kisichokuwepo, hivyo kwanza anachagua zipakuliwe za asili. Pili, tangu iOS 11 ya mwaka 2017 iPhone nyingi hupiga kwa HEIC, aina ya faili ya picha tofauti na JPEG iliyozoeleka. Kompyuta ya Windows isiyo na kiendelezi chake haiifungui, na mtu anadhani picha imeharibika njiani. Picha za mwendo nazo huja faili mbili, moja ya picha na moja ya video. Usifute ya pili ukidhani ni rudufu.

Onyo kwa wa Mac: usisawazishe maktaba ya programu ya Photos kwa Syncthing wala kwa chombo kingine cha aina hii. Inaonekana faili moja, ila ndani ni folda kubwa yenye hifadhidata inayoandikwa kila wakati, na ukiwa na nakala mbili zinazobadilika kwa pamoja utaiharibu. Sawazisha picha kama faili za kawaida, kisha uziingize kwenye maktaba.

Siku utakapoona faili yenye neno sync-conflict kwenye jina lake, ikifuatiwa na tarehe na saa, tulia. Faili moja ilibadilishwa pande mbili kabla hazijaonana, na Syncthing ikabaki na zote mbili ili uamue mwenyewe. Zifungue zote mbili kando kwa kando, ubaki na unayoitaka. Kwa mpangilio wa kutuma tu na kupokea tu nilioueleza, mimi sizioni kabisa.

Kwa mwenye Android na kompyuta anayoiwasha mara kwa mara, naipendekeza bila kusita. Asiyewasha kompyuta wiki nzima asijisumbue, maana vifaa viwili lazima viwe macho kwa wakati mmoja ndipo picha ipite. Na unapoijaribu, usianze na folda ya kamera. Tengeneza folda mpya kwenye simu, weka picha chache usizozihitaji, zifute, zirudishe, badilisha jina la mojawapo, huku ukitazama kompyuta inafanya nini. Ukishaona kila kitendo kinatua wapi, ndipo uiunganishe DCIM.