Mbps 20, Kisha Mbps 1: Intaneti ya Nyumbani Inayokubania Kabla Mwezi Haujaisha

Haya watu wangu, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sina boksi la kufungua. Tunachambua kitu ambacho wengi wenu mnakilipia kila mwezi: intaneti ya nyumbani, ile ya ruta yenye laini ndani, inayovuta 4G kutoka mnarani. Kampuni siitaji, maana mtindo huu umeenea na nataka kila mtu akakague kifurushi chake mwenyewe.

Ruta sina neno nayo. Unachomeka, taa inawaka, umeingia mtandaoni. Antena, bendi, hayo mnayajua, tusonge. Spidi wameandika Mbps 20, na ukipima mwanzoni mwa mwezi inakuja 18, 19, wakati mwingine 20 yenyewe. Hapo nawapa haki yao.

Sasa njooni hapa, kwenye masharti. Haya maandishi madogo kabisa, ngoja niyakuze. Ukifikisha GB 100, spidi inashushwa hadi Mbps 1 mpaka mwezi uishe. Na tangazo la kifurushi hikihiki linasema bila kikomo!

Tupige hesabu, msiondoke. Mbps ni megabiti kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo 20 gawa kwa 8, unapata MB 2.5 kila sekunde. GB 100 kwa mwendo huo zinaisha ndani ya sekunde 40,000, yaani muda wa saa 11 hivi. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Spidi niliyouziwa, nikiitumia kikamilifu, haimalizi hata siku moja!

Utasema, nani anatumia hivyo? Sawa. Netflix wenyewe wanasema video ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Familia ikitazama saa mbili kila jioni, siku ya 17 kikomo kimefika. Hapo simu hazijasasisha programu, na mtoto hajahudhuria kipindi hata kimoja cha masomo kwa video.

Angalieni skrini sasa, kikomo changu kimeshafika. Nafungua fast.com, tovuti ya kupima spidi... inahesabu... 0.9. Nafungua video, naiweka 1080p. Kile kiduara kinazunguka. Bado. Kimecheza kidogo, kimeganda. Nashusha 480p, inakwamakwama. 240p, haya, inaenda, ila uso wa mtu huuoni vizuri. Kumbukeni Netflix wanashauri Mbps 5 kwa 1080p, kwa hiyo hapa hata hatukaribii. Sasa natuma barua pepe yenye kiambatisho cha MB 20. Kwa Mbps 1, hiyo ni zaidi ya dakika mbili na nusu, tena kama hakuna mwingine anayetumia mtandao nyumbani. Ukitaka kushusha gemu la GB 50, hiyo ni zaidi ya siku nne, usiku na mchana. Na bili? Ileile. Ni sawa na kulipa kodi ya nyumba mwezi mzima, halafu katikati ya mwezi unaambiwa uhamie barazani.

Kinachonikera zaidi ni sababu wanayotoa. Wanasema kikomo kinazuia msongamano. Msongamano mnarani unatokea watu wengi wakiingia kwa pamoja, hasa jioni. Nikishusha faili saa tisa usiku watu wamelala, simbani mtu, lakini GB zinahesabiwa vilevile! Na Machi 2020, corona ilipowafungia watu majumbani, Comcast na AT&T za Marekani zilisitisha vikomo vya intaneti ya nyumbani kwa muda. Kama kikomo ndicho kinachoushikilia mtandao, wangethubutu kukiondoa wakati kila mtu yuko nyumbani?

Mnaniuliza sana kuhusu Starlink, ile intaneti ya satelaiti. Satelaiti zake nyingi ziko kama kilomita 550 juu, wakati zile za kizamani ziko karibu kilomita 36,000, ndiyo maana simu za video hazichelewi kama zamani. Mimi naipenda, ila vifaa vyake vinataka hela ya kueleweka mwanzoni. Kama faiba, yaani intaneti ya waya, imefika mtaani kwenu, anzeni na faiba, lakini someni masharti, maana nazo zipo zenye kikomo.

Kwa mlio kwenye kifurushi kama hiki: zimeni video zinazojicheza zenyewe, wekeni YouTube 480p badala ya kuiachia ichague, na kwenye Windows washeni mpangilio wa mtandao unaopimwa (metered connection) ili isishushe masasisho mengi kimyakimya. Inasaidia, japo inaniuma kuwashauri mjibane kwa huduma mliyolipia.

Tangazo la chaneli: laivu ya Jumamosi imeahirishwa hadi kifurushi kianze upya, kwa spidi hii siwezi kurusha. Ule ulinganisho wa ruta za 5G unakuja, washa kengele usipitwe.

Hukumu yangu: ruta nunua, kifurushi hiki usinunue kwa bei wanayotaka. Wakiandika kikomo kwa herufi kubwa kama walivyoandika spidi, na wakaacha kuhesabu GB za usiku wa manane, nitarudi kukipima upya. Niandikie hapo chini: kikomo chako ni GB ngapi, na wakikubania unabaki na spidi gani? Nitasoma yote.