Riwaya na komiki za Star Wars: zipi ununue kwanza, na namba ya mgongoni inavyodanganya

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu vitabu vya Star Wars karibu yote yanaangukia palepale. Mtu kamaliza filamu, hamu haijamwisha, akaagiza komiki za Darth Vader, yule adui mwenye kofia nyeusi, zilizoandikwa na Kieron Gillen na kuchorwa na Salvador Larroca: juzuu ya 1, ya 2, ya 3 na ya 4. Mbili za mwanzo anazisoma kwa raha zake. Akifungua ya tatu anakuta mambo yamesonga bila yeye, watu wanataja mapigano ambayo hakuyaona. Anahesabu kurasa akidhani kauziwa kitabu kilichonyofolewa.

Kitabu ni kizima. Kigeuze, usome ule mstari mdogo nyuma ya jalada unaotaja matoleo, yaani vile vijitabu vyembamba vya komiki vilivyotoka kimoja kimoja, yaliyokusanywa humo: juzuu ya 2 inaishia toleo la 12, juzuu ya 3 inaanzia la 16. Matoleo ya 13, 14 na 15 yamewekwa kwenye kitabu kingine kiitwacho Vader Down, yakiwa yamechanganywa na matoleo mawili ya mfululizo mkuu wa Star Wars, na kitabu hicho hakihesabiwi kabisa katika zile juzuu nne. Ndani yake ndimo Vader anaanguka peke yake kwenye sayari ya Vrogas Vas na kuzingirwa na jeshi zima la waasi. Yaani kipande kitamu kuliko vyote ndicho kilichoachwa nje ya hesabu.

Kwa hiyo ukitaka nikueleze habari za karatasi inayong'aa na jalada la kuvutia, hayo utayaona mwenyewe kwa macho. Mimi nauliza swali moja: nikinunua hiki kitabu, hadithi nitaipata yote, au nitaambiwa mbele ya safari kwamba nusu yake imo kwenye kitabu kingine? Hapo ndipo hela za watu zinapopotelea, na sijui kwa nini hapasemwi.

Tena huyo Vader wa Gillen ni mmoja tu. Kuna Darth Vader wa 2015, ndiye huyo. Kuna wa 2017, wa Charles Soule. Kuna wa 2020, wa Greg Pak. Kila mmoja ana juzuu yake ya 1. Mfululizo mkuu nao una juzuu ya 1 ya Jason Aaron ya 2015 na juzuu ya 1 ya Soule ya 2020. Muuzaji akikwambia "ninayo Vader namba moja", hajakwambia kitu.

Kwenye riwaya jina linalosumbua ni Thrawn. Timothy Zahn kaandika riwaya tatu za huyu amiri mwenye ngozi ya buluu kati ya 1991 na 1993, nyingine tatu kati ya 2017 na 2019, na nyingine tatu tena mwaka 2020 na 2021. Katikati hapo kuna mbili za 1997 na 1998. Ile ya 2017 inaitwa Thrawn basi, na ina komiki yake yenye jina hilohilo. Za miaka ya tisini nazo ziligeuzwa komiki. Mtu akisema amependekezewa "zile tatu za Thrawn", mwulize mwaka.

Jambo la mwisho kabla hatujapanga safu. Disney waliinunua Lucasfilm mwaka 2012 kwa dola bilioni 4 na ushei, na Aprili 2014 ikatangazwa kwamba riwaya na komiki zote za nyuma si sehemu ya historia rasmi tena. Zingeendelea kuuzwa zikiwa na alama ya Legends. Wapo wasomaji ambao hadi leo hawajasamehe, na wapo wanaokataa kununua chochote chenye alama hiyo kwa kuwa "hakikutokea". Hao wa pili siwaelewi. Hivi kuna kilichotokea?

Namba moja: riwaya tatu za Zahn za miaka ya tisini

Heir to the Empire, Dark Force Rising, The Last Command. Hapa sina mjadala. Mwaka 1991 Star Wars ilikuwa imepoa, filamu ya mwisho ilikuwa ya 1983, na riwaya hii ndiyo iliyowarudisha watu. Mhusika Mara Jade katokea humu, na jina la mji mkuu wa galaksi, Coruscant, lilianzia humu kabla halijasikika kwenye filamu yoyote.

Kinachomweka Thrawn juu ya maadui wengine ni kwamba hana nguvu za ajabu wala hapigi kelele. Anatazama kazi za sanaa za taifa fulani, anasoma udhaifu wao humo, kisha anawapiga hapohapo. Nahodha wake Pellaeon ndiye anayemwuliza maswali ambayo msomaji naye angeuliza, kwa hiyo mipango inaeleweka bila mwandishi kukuhutubia. Wanaolalamika husema Luke, shujaa wa filamu, na wenzake wanakimbizwa huku na kule kupita kiasi kwenye kitabu cha kati, na hilo ni kweli. Kitabu cha kati kinapwaya.

Kwa upande wa swali langu, zinapita vizuri: vitabu vitatu, mwanzo, kati, mwisho, hakuna cha nne kilichojificha. Chukua chapa za mchapishaji Del Rey za Essential Legends Collection, zilizoanza kutoka 2021. Kama wewe ni mtu wa kupenda maelezo ya pembeni, tafuta toleo la miaka ishirini la Heir to the Empire, la 2011, ambalo Zahn mwenyewe kaandika maoni yake ukingoni mwa kurasa.

Namba mbili: Epic Collection za Marvel

Hapa nakiri upendeleo waziwazi, wala siutetei. Ukiniuliza komiki za zamani ninunue za nani, nitakwambia Epic Collection kabla hujamaliza swali. Ni vitabu vinene vya jalada laini, kurasa mia nne na zaidi, vimepangwa kwa vipindi vya historia ya galaksi, na nyuma kila kimoja kinataja mfululizo, mwaka na namba za matoleo. Ule wa Original Marvel Years juzuu ya 1 una matoleo ya 1 hadi 23 ya mfululizo ulioanza 1977. Sita ya kwanza ni filamu yenyewe. Kuanzia hapo waandishi walikuwa hawajui filamu ya pili itasema nini, wakajitungia, na kwenye toleo la 8 akaingia Jaxxon, sungura wa kijani mwenye bastola. Wapo wanaomwonea aibu sungura huyo. Mimi nawaonea wao huruma.

Mfululizo ule ulifika matoleo 107 kabla haujafungwa 1986. Baadaye leseni ikaenda kampuni nyingine, Dark Horse, kuanzia 1991 hadi 2014, na kazi za Dark Horse nazo zimo humuhumu kwenye Epic Collection, ikiwemo Dark Empire ya Tom Veitch na Cam Kennedy. Hiyo ndiyo hadithi ambayo Mfalme Palpatine, mtawala wa Dola aliyekufa kwenye filamu ya 1983, anafufuka katika mwili mwingine. Miaka na miaka wasomaji waliicheka kwa hilo, mpaka filamu ya 2019 ikamfufua vilevile na kicheko kikahama. Michoro ya Kennedy, yenye rangi chache za kijani na zambarau ukurasa mzima, ama utaipenda ama itakuumiza macho. Tazama kurasa mbili tatu kabla hujalipa.

Namba tatu: Vader wa Soule

Kama hadithi, Gillen anamshinda Soule. Aphra peke yake, mwanaakiolojia mwizi asiye na haya anayemfanyia Vader kazi huku akijua ataishia kuuawa naye, anatosha kumpa ushindi. Ila huu ni mwongozo wa kununua. Vader wa 2017 ana matoleo 25 ndani ya juzuu nne, yanaanza dakika ileile filamu ya Revenge of the Sith inapoishia, na hayamdai mtu kununua kingine. Jina lililoongezwa, Dark Lord of the Sith, linasaidia kumtofautisha na wenzake. Ukimtaka wa Gillen hata hivyo, nunua ule mkusanyiko mmoja mkubwa wa jalada gumu, ambao Vader Down imo ndani mahali pake. Ni mzito, kusoma kitandani sahau.

Wa Pak muache kwanza. Kaingiliana na visa vya vitabu vingine kiasi kwamba utajikuta unanunua rafu nzima.

Namba nne: vinavyojitegemea

Lost Stars ya Claudia Gray, ya 2015. Marafiki wawili wa sayari moja wanaingia chuo cha Dola pamoja, mmoja anahama upande na mwingine anabaki. Vita unavyovijua kwenye filamu unaviona kutoka kwenye vyumba vyao. Anayebaki hachorwi kama mjinga, na hilo ndilo wasomaji wanalolisifu mpaka leo. Wauzaji wanaiweka kwenye rafu ya vijana, kwa hiyo watu wazima wanaipita. Usiipite.

Revenge of the Sith ya Matthew Stover, ya 2005, ni riwaya ya filamu iliyoizidi filamu yake. Sisemi zaidi.

Namba ya mwisho: The High Republic

Hapa ndipo wasomaji wangu wanapochoka. Mradi ulianza Januari 2021 na Light of the Jedi ya Soule, ambayo ni riwaya nzuri: maafa angani kuanzia kurasa za mwanzo, na Jedi, walinzi wa amani wa galaksi, wanaofanya kazi ya uokoaji badala ya vita. Tatizo ni kilichofuata. Kisa kimoja kimegawanywa katika riwaya za watu wazima, za vijana na za watoto, komiki za Marvel, na komiki nyingine za kampuni ya IDW ambazo baadaye zikahamia Dark Horse. Halafu awamu ya pili inarudi nyuma miaka 150, na ya tatu inakuja kumalizia ya kwanza. Hakuna namba mgongoni inayokwambia lolote kati ya hayo. Mhusika uliyemwacha hai kwenye riwaya unakuja kukuta mambo yake yamehitimishwa kwenye komiki ambayo hukujua ipo. Nunua Light of the Jedi, uisome kama riwaya moja, kisha amua kama una subira na mfuko.

Za bei nafuu? Riwaya za umbo dogo za mchapishaji Bantam za miaka ya tisini, mtumba, hazina shida ila gundi ya mgongoni hukauka na kurasa zikaanza kudondoka. Splinter of the Mind's Eye ya 1978 inapatikana hivyo kirahisi. Isome kwa udadisi, na jiandae kwa Luke na Leia, ambao filamu za baadaye zilisema ni ndugu, wanaotazamana kwa namna ambayo leo inakera.

Na hapo kwa mwandishi wa kitabu hicho, Alan Dean Foster, nina donge. Ndiye pia aliyeandika ile riwaya ya filamu ya kwanza iliyotoka 1976 ikiwa na jina la George Lucas juu ya jalada. Mwaka 2020 alilazimika kulalamika hadharani kwamba halipwi mirabaha ya vitabu vyake tangu haki zihamie Disney, hoja ikiwa kwamba walinunua haki bila kununua madeni. Kitabu kilikuwa kimeuzwa miaka arobaini na ushei na mtunzi alikuwa bado anadai!

Wauzaji wa rejareja nao hawajambo. Epic Collection ikiisha kwa mchapishaji, wiki hiyohiyo kitabu kilekile kinaitwa "adimu" na bei inaruka mara tatu. Mara nyingi kinachapishwa tena, kwa hiyo subiri, usiwape. Wanaweka picha ya jalada jipya na kukuletea la zamani. Ukiwauliza ni Vader wa mwaka gani, wanajibu "ni original". Omba picha ya nyuma ya jalada, ule mstari wa matoleo usomeke. Anayekataa kuipiga hiyo picha, mwache na kitabu chake.

Kwa wanaopendelea vitabu vya sauti, dawa ni ileile. Riwaya za miaka ya tisini zilirekodiwa kwanza zikiwa zimefupishwa, na rekodi hizo bado zinazunguka zikiuzwa kama kamili. Heir to the Empire kamili, iliyosomwa na Marc Thompson, inazidi saa 12. Ukiona tangazo la saa tatu, hicho ni kifupisho, hata kama jalada ni lilelile.