Maltimita ya njano ya 12,000: uzoefu wangu wa miezi minane

Maltimita, yaani kifaa cha kupima umeme, niliinunua Kariakoo kwa shilingi 12,000, ile ndogo ya njano inayouzwa karibu kila duka la vifaa vya umeme. Nyumbani tuna umeme wa gridi pamoja na sola ya betri moja ya volti 12, na nilishachoka kumwita fundi kila taa ikififia.

Siku ya kwanza nikaigusisha kwenye betri, ikasoma 28. Betri ya volti 12! Nikakimbia kuchomoa paneli nikijua betri inachemka. Nikageuza nyaya, nyekundu kwenye hasi: 0. Fundi alipofika akacheka, "Mama, umeiweka AC." Akazungusha kitufe hadi 20, upande wa V yenye mstari ulionyooka na vinukta chini yake. 12.6.

Kumbe umeme wa betri (DC) unakwenda upande mmoja tu, ila wa ukutani (AC) unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ukiweka maltimita ya bei hii kwenye V yenye kiwimbi, yaani AC, diodi ndani yake (kipande kinachoruhusu umeme upande mmoja tu) hupitisha nusu tu ya hayo mawimbi, halafu wastani unazidishwa kwa kama 2.2 kufidia nusu iliyokatwa. Wa betri haukatwi kitu, lakini unazidishwa vilevile. Ndiyo 28 yangu hiyo.

Kosa la pili ndilo lililonitia baridi. Birika lilikataa kuwaka jikoni, nikataka kupima soketi. Nikaona upande wa AC namba ya juu ni 750, wa DC ni 1000. Kwa woga nikachagua kubwa. Ikasoma 0. Bisibisi ninayo mkononi tayari, nifungue soketi, ndipo nikaikumbuka ile 28. Nikarudisha kwenye AC 750: 228. Soketi ilikuwa hai muda wote, kilichokufa ni waya wa birika. Kwenye DC ile nenda-rudi hufutana ikabaki sifuri, wakati kileleni umeme huo unafika volti 325 hivi.

Kwa betri na paneli sina malalamiko. Kwa inveta yetu ya bei rahisi, inayogeuza umeme wa betri kuwa AC, hapana: maltimita inasoma 180 na ushee na feni inazunguka vizuri tu. Wimbi la inveta hiyo ni la ngazi-ngazi, na maltimita hii hesabu yake ni ya wimbi laini. Mwenye inveta ya namna hiyo atafute maltimita iliyoandikwa True RMS, inayopima sawasawa hata wimbi lisilo laini, ingawa bei inapanda.

Halafu lile tundu la 10A, la kupimia mkondo mkubwa, halina fyuzi, na kimaandishi kinachosema hivyo ni kidogo mno. Waya mwekundu ukiwa humo usiusogeze karibu na soketi kabisa. Mimi nimeliziba kwa selotepu, na upande wa AC nimeupaka rangi ya kucha.