Diski za almasi kwenye matofali na mawe ya Tanga: ya bei kubwa ndiyo iliyokwisha mwanzo

Diski mbili za inchi 9 (milimita 230), grinda moja ya wati 2,200, nyumba moja Chumbageni. Ya kwanza pakiti yake imechorwa granaiti, na bei yake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya pili, iliyochorwa tofali na zege. Zote zina meno yenye kimo cha milimita 10. Kazi ilikuwa kufungua nafasi za milango kwenye ukuta wa matofali ya saruji ya inchi 6, na kupunguza kingo za mawe ya matumbawe.

Ya granaiti ilikata kama inakata papai. Kufika mlango wa tatu meno yalikuwa yamebaki milimita 3. Ya tofali ilikuwa nzito kidogo mkononi, ikamaliza milango mitano iliyobaki na meno yake bado yana milimita 6. Ile ya kwanza ilifuata msemo wa kwetu: waja leo, waondoka leo.

Diski ya granaiti si mbovu, ila ilipelekwa kwenye kazi isiyo yake. Muuzaji alisema "almasi ni almasi", na hapo ndipo wengi tunapoliwa fedha. Jino la diski ni unga wa madini (shaba, chuma, kobalti) uliookwa na kushindiliwa pamoja na chembe za almasi za kama nusu milimita au pungufu. Kinachokata ni chembe, lakini kinachoamua umri wa diski ni hicho chuma kinachozishika. Chembe ikichoka lazima chuma kilichoizunguka kilike, idondoke, na mpya iliyo chini yake ichomoze. Tofali la saruji na mchanga lina punje za kwatzi ambazo hulisugua jino kama msasa, kwa hiyo linataka chuma kigumu, la sivyo chembe zinadondoka zikiwa bado na makali. Granaiti na posileni ni ngumu lakini haziparuzi chuma, kwa hiyo zinataka chuma laini, la sivyo hakiliki na chembe mpya hazitokei. Kwa ufupi, kitu kigumu kipewe jino laini, na kitu kinachoparuza kipewe jino gumu. Jiwe la tumbawe lenyewe ni chokaa na msumari wa chuma unalikwangua, lakini matundu yake yamejaa mchanga wa pwani na udongo wa kiungio, basi kwa diski ni sawa na tofali tu.

Kuna wanaodhani almasi hizi zinatoka mgodi wa Mwadui. Hapana, ni za kiwandani. General Electric ya Marekani ilizitengeneza Desemba 1954 na kutangaza Februari 1955, na tangu hapo kaboni hubanwa kwa mgandamizo wa zaidi ya angahewa 50,000, joto likiwa juu ya nyuzi 1,300, pamoja na chuma au nikeli iliyoyeyuka. Siku hizi nyingi mno zinatoka China. Kwa hiyo neno "almasi" kwenye pakiti lisikutie woga wa bei wala heshima ya bure.

Ukitaka kujua diski inafanya kazi sawasawa, izime, chomoa waya, kisha lielekeze jino kwenye jua na litazame kwa karibu. Jino zuri linaparuza ukilipitishia kidole. Utaona vitone vinavyometa, na nyuma ya kila kitone kuna kilima kidogo cha chuma kama mkia wa kiluwiluwi. Ule mkia ndio unaoiegemeza chembe isisukumwe nje. Unatengenezwa na mwelekeo wa kuzunguka, ndiyo maana diski ina mshale. Ukiifungua na kuirudisha kinyume, chembe zinabaki bila egemeo na diski inapoteza tabaka zima la almasi kabla mikia mipya haijajijenga. Mshale ukifutika, mikia hiyo itakuonyesha upande.

Dukani nakagua vitu vinne tu. Bamba, yaani mwili wa diski unaoshika meno, liwe limenyooka: lishike kwa tundu la kati, litazame kwa ubavu. Maungio ya meno: yaliyochomelewa kwa leza yana mstari mwembamba ulio sawa, na ndiyo ninayoyataka kwa kukata kavu. Yaliyounganishwa kwa lehemu ya fedha yafanye kazi ya maji, maana joto likizidi lehemu inalainika na jino linaruka kama risasi. Tatu, kasi iliyoandikwa: kikomo cha kawaida ni mita 80 kwa sekunde pembeni, ambayo kwa inchi 9 ni mizunguko kama 6,600 kwa dakika na kwa inchi 4½ ni kama 13,300. Usiifunge diski ya inchi 9 kwenye grinda ndogo iliyotolewa kinga. Nimeona watu wanafanya, na sina la kuwaambia zaidi ya hilo. Nne, tundu la kati liwe milimita 22.23 na likae bila kuchezacheza. Diski ikicheza kwenye ekseli inakata kwa kudunda, na meno yanalika upande mmoja.

Kukata kwenyewe: chora mstari, pita mara ya kwanza kwa kina cha milimita 5 tu ili upate mfereji wa kuiongoza, kisha shuka sentimita 2 hadi 3 kila unapopita. Usiibane, uzito wa grinda unatosha. Kwenye kazi kavu, kila baada ya nusu dakika hivi iinue na uiache izunguke hewani sekunde 10 mpaka 15 ipoe. Diski ya inchi 9 inaingia sentimita 6 na ushei, kwa hiyo ukuta wa inchi 6 unakatwa pande zote mbili na kipande cha katikati kinamaliziwa kwa tindo. Usiipinde ndani ya mfereji kutafuta kona. Bamba likishapindwa likiwa moto linapoteza mkazo wake na litayumba mpaka mwisho wa maisha yake. Ukiona bamba limegeuka samawati chini ya meno, limeshaungua.

Kwenye zege utakutana na nondo. Diski nyingi za zege zinaivuka, ila punguza mwendo na usikae hapo. Almasi ni kaboni, na chuma kikipata moto kinaila kaboni hiyo. Ndiyo sababu hukati nondo tupu kwa diski hii ilhali ile nyembamba ya kukatia chuma ipo na ni rahisi.

Malalamiko ninayoyasikia sana ni "diski imekufa". Mara nyingi haijafa, imefumba. Jino linang'aa, limekuwa laini kama kioo, moshi wa vumbi umepungua na grinda inalia bila kwenda mbele. Sababu ni chuma kigumu kwenye kitu kigumu, mfano diski yangu ya tofali nilipoipeleka kwenye kizingiti cha granaiti. Dawa yake si kuisukuma, maana joto litapanda, na almasi ikifika kama nyuzi 700 hewani huanza kuungua. Inoe: kata mikato 10 hadi 15 mifupi ndani ya tofali la saruji lenye mchanga mwingi na saruji kidogo. Yale matofali mabovu yanayomong'onyoka, ambayo mwenye nyumba ameyakataa, ndiyo hasa yanayofaa hapa. Mchanga utakwangua chuma na chembe mpya zitatokea.

Umeme hafifu nao unabadilisha diski. Ukivuta waya mwembamba wa mita 50 kutoka kwa jirani, au ukatumia jenereta dogo, grinda inazunguka chini ya kasi yake. Kila chembe inalazimika kung'oa kipande kikubwa zaidi kwa kila mzunguko, na jino linafanya kama lina chuma laini kuliko lilivyo. Kwenye tofali utalimaliza mapema na kulaumu kiwanda. Natumia waya wa milimita 2.5 za mraba, usiozidi mita 25, nimeukunjua wote.

Kwa marumaru za posileni hadithi ni nyingine kabisa. Hapa nimeipenda diski ya inchi 4½ yenye ukingo mzima usio na mapengo, unene milimita 1.2 hadi 1.6. Yenye mapengo inamegua uso. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya mstari, kwangua mfereji wa milimita 2 kwanza mwanzo hadi mwisho, ndipo ushuke. Kupoza, msaidizi apitishe sifongo lenye maji kwenye marumaru, wala asimwage maji kwenye grinda ya umeme. Matundu ya bomba la maji yatobolewe kwa mdomo wa almasi (kibomba kifupi cha kutobolea) wa kufungwa kwenye grinda, uzi wa M14. Anza ukiwa umeulaza kama nyuzi 45 mpaka ukate hilali, kisha usimamishe taratibu huku ukiuzungusha kidogo ili vumbi litoke. Drili yenye kupiga nyundo usiiguse: chembe ziko tabaka moja tu, zikipigwa zinapasuka.

Bomba la almasi la kutoboa slabu nililikodi, kipenyo milimita 127, kwa ajili ya kupitisha paipu ya choo ya milimita 110. Lifungwe kwenye stendi iliyokazwa kwa boliti sakafuni, kasi ya mizunguko 400 hadi 500. Maji yaingie bila kukatika, lita 1 hadi 2 kwa dakika, na yatoke tope la kijivu kama uji wa lishe. Tope likiwa zito kama ugali, ongeza maji. Maji yakitoka meupe na bomba haliendi, ama limefumba ama liko kwenye nondo; vipande vidogo vya chuma vinavyometa kwenye tope ndivyo vitakavyokuambia. Kwenye nondo punguza mkandamizo, usizime. Likikwama, kisababishi mara nyingi ni kipande cha nondo kilichokatika kikabanwa ubavuni. Lizungushe kwa spana mbele na nyuma, na usilipige nyundo, maana bomba likipondeka kidogo tu tundu lijalo litakuwa yai. Jino likidondoka ndani ya tundu, litoe kwanza kwa sumaku au kwa mkono. Ukiendelea, litang'oa wenzake wote. Na maji ya bahari hapana, hata kama saiti iko Raskazoni na bahari unaiona. Uzi wa bomba ulikuwa na kutu siku ya pili.

Kikombe cha almasi cha kusagia plasta na terazo nakipa alama ya wastani. Kinashusha palipoinuka haraka kuliko mawe ya kawaida, lakini ukikiinamisha kidogo kinaacha miduara ambayo hata jiwe la namba 120 halifuti. Rangi ya mafuta inakiziba mara moja. Ipige skrepa kwanza.

Vumbi la tofali lina silika, na silika ikiingia mapafuni haitoki. Kitambaa cha khanga puani hakizuii kitu. Barakoa ya N95 ninaibadilisha kila siku ya kukata, na gharama yake naiandika kwenye makadirio pamoja na diski: diski moja ya tofali kwa kila milango minane, na moja ya ziada ambayo haifunguliwi pakiti mpaka ihitajike, ili duka liikubali kuirudisha.