Kifuu cha kupandia sakulenti: kigeuze kabla hujalipa

Hamjambo watazamaji, karibuni. Hapa mezani nina vifuu vya nazi vya kuning'iniza, hivi vinavyouzwa Malindi vikiwa vimeshapigwa msasa, vikapakwa vanishi na kutiwa kamba, tayari kupandwa sakulenti, ile mimea ya majani manene yanayoweka maji. Kwa sura, vinapendeza kweli. Tazama ukingo huu: umelainishwa vizuri, hata ukipitisha kidole haukwaruzi. Sasa kigeuze.

Chini hakuna tundu.

Nazi ikivunjwa kati, nusu moja hubaki na macho matatu, nusu ya pili haina hata moja. Chagua ile yenye macho. Jicho moja kati ya hayo matatu ni laini, hilo hapo. Unalitoboa kwa bisibisi, maji yanapata njia. Nusu isiyo na macho inataka drili au kekee: matundu matatu ya milimita 6. Kilaze kifuu juu ya mfuko wa mchanga, toboa kutoka nje, polepole. Msumari na nyundo weka kando, maana kifuu kikipata ufa, ufa unakimbia mpaka ukingoni.

Nang'ang'ania matundu kwa sababu sakulenti huku pwani haifi kwa kiu, inakufa kwa kuoza mizizi. Hewa yetu ina unyevu na usiku hakupoi sana. Chungu cha udongo angalau kinapumua ubavuni; kifuu kilichopakwa vanishi ndani na nje hakipumui kabisa. Basi tafuta kilichopakwa nje tu.

Udongo: mchanga mkubwa wa mto sehemu mbili, mboji iliyochekechwa sehemu moja, na vipande vya mkaa vyenye ukubwa wa punje ya mahindi sehemu moja. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Makumbi weka kitita kidogo tu juu ya tundu ili udongo usimwagike. Ukiyajaza yanashika maji kama sifongo. Na ile tabia ya kutandika kokoto chini, naomba tuiache. Maji hayashuki upesi kuingia kwenye kokoto, yanang'ang'ania kwenye udongo ulio juu yake, na kifuu chenyewe kina kina cha sentimita tano au sita tu. Mizizi itakaa wapi?

Mimea ya kuweka: mshubiri mchanga, haworthia, krasula, kalanchoe. Miwili inatosha kifuu kimoja. Echeveria, ile yenye umbo la waridi, ndiyo inayovutia macho kuliko zote, lakini joto la usiku na unyevu wetu vinaichosha. Majani ya chini yanalainika na kuwa kama yamechemshwa. Vijiti vya mnyaa navyo vinapendeza katikati, ila utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho. Vaa glavu, osha kisu, na watoto wasiwe karibu.

Kipandikizi kikishakatwa, kilaze kivulini juma zima mpaka kidonda kikauke na kufanya gamba. Wengi wanaharibu hapa: wanakata asubuhi, wanapanda jioni, wanamwagilia papo hapo. Ukishapanda, ngoja siku tano au sita ndipo umwagilie, na umwagilie mpaka maji yatoke chini. Mara zinazofuata usihesabu siku. Chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini, kikitoka kikavu, mwagilia. Msimu wa masika kihamishie barazani, mvua isikifikie.

Kamba waliyotia ni ya katani. Inakwenda vizuri na rangi ya kifuu, siwezi kukataa, lakini unyevu na upepo wa chumvi vitaioza, na kifuu chenye udongo ulioloa si chepesi. Ifungue, tia mshipi wa kuvulia ulio mnene, nyuzi tatu, mafundo mawili kila tundu la kamba. Ndoano ya kuning'inizia iwe ya shaba au chuma kisichoshika kutu. Kusi ikianza kuvuma, kishushe kikae upande wa nyumba usiopigwa na upepo, la sivyo kitagonga ukuta siku nzima na mizizi haitashika.

Kununua, nunua: kazi ya msasa ni nzuri na itakuokolea muda. Mwambie tu muuzaji unataka nusu yenye macho, isiyo na vanishi ndani.