LIKE au GLOB: nyota si asilimia

Orodha ya wateja wetu wa kahawa hapa Mbale iko kwenye SQLite, programu ya kuhifadhi data; LIKE na GLOB ni maneno yake mawili ya kutafutia maandishi yanayolingana na mfano fulani. Kwa LIKE, 'kam%' huleta Kampala, Kamuli na Kamwenge, herufi ziwe kubwa au ndogo, kwani asilimia (%) ni herufi zozote, ziwe ngapi. 'kam___', yenye vistari vya chini vitatu, huleta Kamuli peke yake, kwani kila kistari ni herufi moja.

GLOB hutumia nyota (*) mahali pa asilimia, na alama ya kuuliza (?) mahali pa kistari. Hapo ndipo tulipoumia. Mwenzangu alibadilisha neno moja tu, LIKE ikawa GLOB, akaiacha 'kam%' ilivyo. Jibu: sifuri. Wala onyo halikutoka, maana kwa GLOB asilimia ni herufi kama nyingine. Akaandika 'kam*'. Bado sifuri! GLOB hutofautisha K na k. Ilibidi iwe 'Kam*'.

Ina uzuri wake, sikatai: '[A-K]*' hukuchambulia majina yanayoanza na A hadi K, jambo ambalo LIKE haina. Lakini orodha inayochapwa na watu watano, huyu KAMULI, yule kamuli? Nabaki na LIKE.